Kumbukumbu za vinyama na seli: kabla hujanunua kompyuta, jua unaandika nini

#1 Mzee wa Slaidi

Wakuu, habari za asubuhi.

Hospitali nyingi sasa zinaambiwa zihamie kwenye mfumo, na maabara za patholojia hazijaachwa. Kompyuta zinafika, nyaya zinavutwa, watu wanapewa semina. Baada ya muda unauliza swali jepesi tu, kwamba mwaka jana tulipokea saratani ngapi za titi, na mtu anarudi kufungua kaunta buku na kuhesabu kwa kidole. Mimi naona tunaanzia mwisho. Kinachotukwamisha ni safu moja ya daftari, ile ya mwisho kulia iliyoandikwa "majibu".

Kwa wasioijua kazi hii: kinyama kinakatwa kwa mgonjwa, kinatumbukizwa kwenye fomalini, kinakuja maabara na fomu. Mapokezi kinapewa namba. Kinapunguzwa, kinawekwa kwenye kaseti, kinazamishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kinapakwa rangi, kisha daktari wa kazi hii, mwanapatholojia, anakisoma kwa hadubini. Mwisho wa yote vinabaki vitu vitatu: slaidi, bloku ya nta na maneno ya daktari. Slaidi na bloku zikitunzwa vizuri zinakaa miaka na miaka. Maneno ndiyo yanayosumbua.

Chukua ukurasa wowote wa daftari. Mstari wa kwanza: "IDC gr 2". Chini kidogo: "inf. duct ca". Kisha "ca breast". Kisha kijana aliyetoka chuo juzi kaandika "NST", kwa kuwa ndivyo vitabu vya WHO vinavyoiita sasa. Mtu wa maabara anaelewa kwamba wa kwanza, wa pili na wa nne wana ugonjwa uleule, saratani ya mirija ya titi iliyovamia. Kompyuta inaona magonjwa manne. Na huyo wa "ca breast" ndiye mtihani hasa, maana daktari hakusema ni saratani ya aina gani, kwa hiyo huwezi kumweka kundi moja na wenzake kwa kubahatisha.

Dawa yake ilishapatikana zamani, ni namba. Kwenye ICD-O, ambayo ni orodha ya WHO ya uvimbe wa kila aina, hao watatu wote ni 8500/3 na kiungo chao ni C50, yaani titi. Yule asiyetajwa aina ni 8010/3. Hapo hata tahajia ikiwa mbovu kiasi gani, hesabu inatoka.

Wazo la kuukata ugonjwa vipande namna hii lina umri mkubwa kuliko wengi wetu humu. Mwaka 1965 chama cha wanapatholojia wa Marekani kilitoa orodha iliyoitwa SNOP. Ilimtaka daktari ajibu maswali manne: ni kiungo gani, tishu imeharibika vipi, nini kimesababisha, na kazi gani ya mwili imevurugika. Kila swali na namba zake. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa wataona uzuri wake haraka. Mgonjwa wa kichocho cha muda mrefu anapata saratani ya kibofu. Kiungo: kibofu. Tishu: saratani ya seli bapa. Chanzo: mayai ya kichocho yaliyoonekana kwenye slaidi hiyohiyo. Ukiandika "Ca bladder" peke yake, kichocho kimepotea na hakuna atakayekiona tena mpaka aende kuitafuta slaidi.

SNOP ikazaa SNOMED, orodha pana zaidi ya maneno ya tiba, katika miaka ya 1970, na upande wa saratani peke yake ICD-O ikatoka 1976. Leo SNOMED CT, iliyorithi ile ya zamani, ina dhana zaidi ya 350,000. Sisi tunaokaa na daftari hatuhitaji hata sehemu ndogo ya hizo ili tuanze.

Karibuni tujadili. Walio kwenye fani wanirekebishe.

#2 Kipanga wa Mbagala

Mzee madini haya, ila nikuulize kama mtu wa kawaida. Mama yangu mdogo alikatwa kinyama, tukasubiri majibu mpaka tukachoka. Karatasi ilipotoka ina namba juu, ina namba chini. Hizo namba zinamsaidia nini mgonjwa? Au ni za kuwasaidia nyie muandike ripoti mpewe semina nyingine?

#3 Mzee wa Slaidi

Kipanga, swali zuri na kijembe nimekipokea.

Namba ya juu ndiyo ya mama yako mdogo, namba ya sampuli. Hiyo msiipoteze. Ipige picha, iandike kwenye daftari la nyumbani. Ndiyo iliyoandikwa kwenye bloku ya nta. Miaka mitano mbele akipata uvimbe kwenye mapafu, daktari atataka kujua kama ni ule wa zamani umehama au ni mpya. Jibu linapatikana kwa kuweka slaidi ya zamani na mpya pamoja chini ya hadubini. Vilevile, ile bloku inaweza kukatwa tena kwa kipimo ambacho siku ile hakikufanyika, kwa mfano kile cha vipokezi vya homoni kinachoamua kama mgonjwa wa titi apewe vidonge vya homoni. Bila namba, bloku ipo stoo lakini ni sawa na haipo.

Zile nyingine za C na zenye alama ya kufyeka (/) ni za kuhesabia. Kwako zinarudi kwa njia ndefu: mashine ya mionzi iwekwe mkoa gani, dawa zipi ziagizwe. Sikudanganyi kwamba zitaharakisha majibu ya mtu mmoja.

#4 Nyuzi na Waya

Mimi ni mtu wa programu, afya sijasomea. Kwa heshima zote, mbona mnajitesa? Piga picha daftari zote, kompyuta isome mwandiko, halafu akili bandia ipange magonjwa yenyewe. Hizi namba za kukariri ni mambo ya miaka ya kadi za kutoboa. Mashine ya sasa inasoma sentensi kama mtu.

#5 Mzee wa Slaidi

Nyuzi, wazo si geni. Kule taasisi za taifa za afya za Marekani, Arnold Pratt na wenzake walikuwa wanafundisha kompyuta kusoma sentensi za wanapatholojia na kuzigeuza kuwa namba za SNOP tangu miaka ya 1970. Walifika mbali. Na nakubali zana za leo zina nguvu kupita kiasi ukilinganisha na zile.

Ila kaa chini usome ripoti zenyewe. Mwanapatholojia ana tabia ya kutaja ugonjwa ili aukatae. "Hakuna dalili ya saratani katika vipande hivi." "Uvamizi hauwezi kukataliwa, leteni kinyama kikubwa zaidi." "Inaelekea kuwa limfoma, kipimo cha ziada kinahitajika." Ukitafuta neno saratani, hao wote wanaingia wavuni. Na mbaya zaidi ni ripoti ya nyongeza, ile inayotoka wiki mbili baadaye kusema "baada ya rangi maalumu, jibu la awali linabadilishwa". Kama mashine imesoma karatasi ya kwanza na haikuletewa ya pili, imebeba jibu ambalo daktari mwenyewe amelifuta.

Sipingi mashine. Ipendekeze namba, mtu aithibitishe. Na ripoti ya asili isiguswe, maneno yabaki kama yalivyoandikwa, namba ikae pembeni yake. Hilo kwangu halina mjadala. Nimeona mfumo ambao daktari alikuwa analazimishwa kuchagua ugonjwa kwenye orodha na hakuna sehemu ya kuandika. Orodha ikikosa ugonjwa wake anachagua unaofanana. Miaka miwili baadaye nani atajua?

#6 Nyuzi na Waya

Hapo kwenye kukataa nimekusoma. Kumbe tatizo ni "hakuna". Naendelea kusoma uzi.

#7 Bi Rejista

Salaam kutoka upande wa Kenya. Mimi nafanya kazi ya kusajili saratani, yaani nazunguka wodi na maabara nikikusanya. Nawashukuru wenye maabara, lakini pia nina malalamiko, wacha niyatoe.

La kwanza ni ile tarakimu baada ya kufyeka. Watu wanaibeba kama pambo. /0 ni uvimbe usio saratani. /1 haijulikani utaelekea wapi. /2 ni saratani ambayo bado iko mahali pake, haijavamia. /3 ni saratani iliyoanzia hapo. /6 ni iliyohamia hapo kutoka kwingine. Maabara ikipokea tezi la limfu la shingoni lenye saratani iliyotoka tumboni, inaandika C77 na 8140/6, na ni sawa kabisa kwa maabara kwa sababu wao wanaeleza walichokiona kwenye kipande. Kwangu mimi hiyo haihesabiki hivyo. Sisi tunahesabu saratani kwa pale ilipoanzia, kwa hiyo nitatafuta faili, nikikuta ni tumbo naandika C16 na /3. Nisipopata chanzo naandika C80.9, chanzo hakijulikani. Sasa mtu wa kompyuta akichukua data ya maabara na kuimwaga kwenye rejista ya saratani moja kwa moja, ghafla wilaya nzima ina "saratani ya tezi za shingo".

La pili ndilo lilinichekesha mpaka nikataka kulia. ICD-O hutumia herufi C kwa kila uvimbe, hata usio saratani. Fibroidi ya kizazi inaandikwa C55.9 na 8890/0. Kwenye ICD-10 ya kawaida C maana yake saratani, na fibroidi iko D25. Kuna ofisi moja, siitaji, walitoa jedwali la mwaka kwa kuchuja herufi C tu. Mnajua fibroidi zilivyo nyingi kwa wanawake wetu. Saratani ya kizazi ikapanda mara kadhaa, mkutano ukaitwa, watu wakaanza kuulizana kama kuna sumu kwenye maji. Hakuna aliyetazama zile /0.

#8 Mzee wa Slaidi

Bi Rejista umeniwahi, hilo la C nilitaka kuliandika leo jioni. Hebu wasimulie wadau suala la mtu mmoja kuhesabiwa mara tatu.

#9 Bi Rejista

Hilo ndilo linakula siku zangu. Maabara inahesabu vinyama, mimi nahesabu uvimbe. Mama mmoja anatolewa seli za titi kwa sindano Januari, kinyama Februari, titi lote Aprili. Maabara ina namba tatu, na ina haki, kwa kuwa imefanya kazi tatu. Kwangu ni saratani moja. Ili nijue ni moja lazima nijue ni mama mmoja.

Hapo ndipo majina yetu yanapoleta kazi. Januari ameandikwa Mwanahawa Saidi. Februari ni Mwana Hawa Said Juma, kwa kuwa karani mwingine ameuliza jina la babu. Aprili ameletwa na mwanawe, ameandikwa Mama fulani tu. Umri ni 48, 50, halafu "mtu mzima". Kwingine R na L zinabadilishana kulingana na nani kasema na nani kaandika. Mashine ikilinganisha herufi kwa herufi inaona wanawake watatu. Ninachofuata mimi ni simu, kijiji na namba ya kitambulisho kama ipo. Naomba sana wenye maabara muweke nafasi ya vitu hivyo kwenye fomu yenu. Fomu nyingi zinauliza kabila lakini haziulizi simu.

Na mtuandikie saratani imejulikanaje. Sisi tuna namba za hilo pia: 7 ni kinyama cha pale ilipoanzia, 6 ni kinyama cha pale ilipohamia, 5 ni seli, 1 ni daktari kupapasa na kutazama tu. Takwimu za saratani ambazo nyingi zina 1 na zile ambazo nyingi zina 7 hazina uzito sawa, hata jumla zikilingana.

#10 Dada Saitolojia

Naona mnazungumzia vinyama tu, seli mmezisahau kama kawaida. 😀

Kwenye upimaji wa mlango wa kizazi sisi tuna mzigo wetu. Madaftari ya zamani yameandikwa kwa madaraja ya Papanicolaou, la I (salama) hadi la V (saratani). Tatizo ni daraja la III. Kila maabara ilikuwa na la kwake. Kwa wengine lilimaanisha "sina hakika", kwa wengine mabadiliko ya kati ambayo yangehitaji kutibiwa. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bethesda, Marekani, wakaleta lugha ya pamoja, ikarekebishwa 1991, 2001 na 2014. Sasa tunasema kwanza kama sampuli inafaa kusomwa, halafu kama ni salama, LSIL (mabadiliko madogo ya seli), HSIL (mabadiliko makubwa) na kadhalika.

Sasa mtu analeta jedwali la kubadilisha: daraja la III ligeuke HSIL, kompyuta ifanye kwa usiku mmoja. Haiwezekani! Huwezi kuchota kwenye daraja la III uhakika ambao aliyeliandika hakuwa nao. Kama slaidi ipo, isomwe upya. Kama haipo, liache liitwe daraja la III na liandikwe limetoka mfumo gani.

Jambo jingine, lile swali la sampuli kufaa. Watu wanaliruka. "Haifai kusomwa" si sawa na "hakuna ugonjwa", na kwenye mifumo mingi nimeona yote mawili yameangukia kwenye kisanduku cha "hasi". Mwanamke anaambiwa yuko salama wakati ukweli slaidi yake ilijaa damu tupu. Kwenye sindano ya thairoidi, lile tezi la shingo linaloota goita, wenzetu wameliona hilo, makundi yao ni sita na la kwanza kabisa ni lile la sampuli isiyotosha.

#11 Mzee wa Slaidi

Dada, hiyo aya ya mwisho ningekuwa na uwezo ningeibandika ukutani kila maabara.

Niongeze kuhusu kuandika mfumo na toleo. Kuna uvimbe wa ovari ulio mpakani, si saratani kamili na si salama kabisa. Katika toleo la pili la ICD-O, la 1990, ulikuwa /3. Toleo la tatu, la 2000, likaurudisha /1. Maana yake nchi iliyobadilisha toleo iliona saratani za ovari zikipungua bila mtu hata mmoja kupona. Upande wa pili, kuna ugonjwa wa damu ambapo chembe nyekundu zinazidi kupita kiasi, huo ulipanda kutoka /1 kwenda /3 katika toleo hilohilo. Toleo la 3.2 lilianza kutumika 2020. Ukikuta safu ya namba haina toleo, shuka chini uulize kabla hujachora grafu.

Na leseni zisisahaulike. Maabara za nje zilizokuwa zinatumia SNOMED za zamani ziliambiwa mwisho wa kuzitumia ni Aprili 2017, kila mtu ahamie CT. Msije mkanakili orodha ya mwaka 1979 kutoka kwenye kitabu cha chuoni mkaijengea mfumo mpya.

#12 Mwana wa Makerere

Nimepita kimya muda mrefu ila hapa siwezi. Mnazungumza kana kwamba haya yanatoka Ulaya na Marekani tu. Nendeni Kampala.

Daktari mmisionari Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, na alikuwa mtu wa kuandika. Maelezo ya wagonjwa yalitunzwa vizuri kiasi kwamba mwaka 1964 Jack Davies na wenzake walitoa uchambuzi wa saratani za pale kuanzia 1897 hadi 1956. Miaka karibu sitini, kwa karatasi. Hapakuwa na kompyuta hata moja.

Davies huyohuyo alikuwa mwanapatholojia Makerere, na rejista ya saratani ya Kampala ilianza 1951 ndani ya idara yake ya patholojia. Ndipo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, akaona watoto wenye uvimbe wa taya, wengine taya zote, akaandika mwaka 1958. Wengi wanaijua hadithi hiyo mpaka hapo. Wasichokijua ni sehemu ya daftari. Gregory O'Conor na Davies walikaa na kumbukumbu za watoto wote waliokuwa na saratani pale, wakasoma upya slaidi. Zilikuwa zimeandikiwa majina tofauti kulingana na kiungo: taya jina lake, tumbo jina lake, ovari jina lake. Kwenye hadubini nyingi zikawa kitu kimoja, limfoma (saratani ya chembe za kinga), karibu nusu ya saratani zote za watoto. Leo ina namba yake, 9687/3.

Kama daftari lingekuwa na jina tu na slaidi zimetupwa, hayo majina tofauti yangebaki tofauti. Na kama mtu angekuwa "amesafisha data" kwa kuondoa yasiyolingana, pia tusingepata kitu.

Rejista hiyo ilikwama nchi ilipovurugika, ikafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Walipofufua walikuta ukimwi umeshabadilisha kila kitu. Saratani ya Kaposi, 9140/3, iliyokuwepo tangu zamani hasa kwa wanaume wazima, ilikuwa imepanda vibaya mno. Tunajua imepanda kwa sababu ya hesabu za kabla.

#13 Kipanga wa Mbagala

Hii ya Mengo sikuwahi kuisikia. Shule tulisomeshwa Burkitt mstari mmoja.

#14 Mtu wa Stoo

Mimi niseme upande wa pili, maana humu kila mtu anapenda mfumo. Sehemu niliyofanya kazi tuliletewa mfumo na kampuni fulani, sitaitaja. Ulikuwa mzuri, skrini ya buluu, orodha za kuchagua, kila kitu. Mkataba ulipoisha wakazima seva. Tukaomba data yetu, tukapewa faili ambalo halifunguki bila programu yao. Tulirudi kwenye kaunta buku, na bahati yetu kulikuwa na mama mmoja mkaidi wa mapokezi ambaye hakuacha kuandika daftari hata siku moja. Mpaka leo yeye ndiye mfumo.

Kwa hiyo anayenunua, kabla ya kuuliza bei, aulize: data yangu nitaitoaje siku nikikuacha? Waonyeshe hapohapo, faili la kawaida linalofunguka kwenye Excel. Wakianza kujikuna kichwa, waage.

#15 Nyuzi na Waya

Mtu wa Stoo yuko sahihi na mimi niko upande wa wanaouza. Ongeza sharti la bakapu: nakala moja iwe nje ya jengo, na kila baada ya muda mtu ajaribu kuirudisha. Bakapu isiyowahi kurudishwa usiihesabu.

#16 Daktari wa Zamu

Swali la faragha. Kwetu fomu zinapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp ili daktari wa rufaa aone. Majina, umri, kila kitu. Inasaidia kazi, sitadanganya. Lakini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya wana yao ya 2019. Mnafanyaje?

#17 Mzee wa Slaidi

Daktari, picha ya slaidi yenye namba ya sampuli inatosha kabisa kwa ushauri. Jina halina kazi pale. Tuma namba, daktari wa rufaa ajibu kwa namba, mwenye daftari atajua ni nani. Na kwenye kompyuta, kila mtu aingie kwa jina lake. Ile nywila moja ya ofisi nzima iliyobandikwa kwenye skrini ina madhara mengine pia: jibu likibadilishwa, huwezi kujua nani kalibadilisha wala lini.

#18 Fundi Mdogo

Shikamooni wakubwa. Mimi niko hospitali ya mkoa, maabara ya patholojia imefunguliwa juzi tu. Nina kompyuta moja, Excel, na daftari. Mwanapatholojia anakuja kwa zamu. Vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za hospitali, tunajaza lakini pale hakuna nafasi ya mambo haya. Nianzie wapi?

#19 Mzee wa Slaidi

Marahaba kijana.

Anza na kinyama kitakachoingia kesho. Usianze na madaftari ya nyuma, yatakumeza na ya leo yatarundikana. Ya nyuma utayaingiza taratibu ya leo yakishatulia.

Namba ya sampuli iwe na mwaka ndani yake, H kwa histolojia (vinyama) na S kwa saitolojia (seli), na namba isirudiwe hata kama sampuli imeharibika. Ukiikosea, ifute kwa mstari mmoja inayosomeka, endelea na inayofuata. Namba hiyohiyo iende kwenye chupa, kaseti, slaidi, daftari na kompyuta. Andika kaseti kwa penseli, wino wa kawaida unayeyuka kwenye spiriti na utabaki na bloku bubu.

Kwenye kompyuta weka jina kwa safu tatu, la kwanza, la baba, la babu, na simu na kijiji kama Bi Rejista alivyosema. Tarehe ya kupokea na tarehe ya majibu ziwe mbili, ndipo utajua mgonjwa anasubiri kiasi gani. Kisha maneno ya daktari yote, neno kwa neno. Kiungo. Namba ya tishu pamoja na ile tarakimu ya kufyeka. Toleo. Na nani ameweka namba. Safu ya kiungo na ya tishu ziwe za kuchagua kwenye orodha fupi mliyoitengeneza wenyewe kutokana na mnavyoviona zaidi, na mwisho wa orodha kuwe na "nyingine, angalia maneno".

Namba asiweke karani peke yake. Mwanapatholojia akija zamu, akae nawe nusu saa mpitie zile zenye utata. Atalalamika. Akishaona swali lake la utafiti linajibiwa kwa kubofya, atakuwa anakuja na chai.

#20 Fundi Mdogo

Asante sana mzee. Sasa mbona nyingi tunazopokea si uvimbe? Kuna vidole tumbo, kuna TB ya tezi. Sizioni kwenye ICD-O.

#21 Bi Rejista

Hutaziona, ICD-O ni ya uvimbe tu. Za namna hiyo tumia ICD-10, ambayo hospitali yenu bila shaka inaitumia kwingine. Kidole tumbo kilichovimba ghafla ni K35, TB iko A15 hadi A19, kichocho B65. Weka safu inayosema namba imetoka orodha gani, usije ukarudia ile hadithi yangu ya fibroidi.

#22 Fundi Mdogo

Nimeelewa. Na kile kibofu alichosema mzee, saratani na mayai ya kichocho pamoja? Niandike mstari mmoja au miwili? Nikiandika miwili si nitakuwa na wagonjwa wawili?

#23 Nyuzi na Waya

Hili langu. Tengeneza karatasi mbili ndani ya faili moja. Ya kwanza ni ya sampuli, mstari mmoja kwa kila kinyama: jina, simu, tarehe, maneno ya daktari. Ya pili ni ya majibu, mstari mmoja kwa kila jibu, na safu yake ya kwanza ni namba ya sampuli. Kibofu kinakuwa na mstari mmoja kule na miwili huku: C67.9 na 8070/3, na wa pili B65.0. Ukihesabu vinyama unahesabu karatasi ya kwanza. Ukihesabu magonjwa unahesabu ya pili.

#24 Mzee wa Slaidi

Haswa. Na siku mkipata mfumo mkubwa, karatasi mbili hizo zitaingia bila ugomvi. Fundi Mdogo, nicheki PM, nina faili tupu lenye safu hizo. Orodha ya kiungo utaijaza mwenyewe na daktari wako.